Tangi la Ijumaa

Mwezi uliopita mliniandalia chai na keki pale bohari ya Changamwe, mkanipa saa ya ukutani, na meneja akasoma karatasi inayosema kwamba nimefanya kazi ya gesi tangu ujana wangu bila kusababisha ajali hata moja. Mkapiga makofi. Mimi niliinamisha kichwa, nanyi mkadhani ni unyenyekevu. Karatasi ile ni uongo. Simlaumu meneja, yeye alinakili tu yaliyo katika faili langu. Ya faili niliyatia mimi mwenyewe, na sasa kwa kuwa nina saa mpya na sina kazi, nitawaandikia yalivyokuwa. Mambo ya vyeo nayaacha, hayamfai mtu.

Nilianza miaka michache kabla ya uhuru, katika shamba la mkonge lililokuwa ng'ambo ya Likoni, nyuma ya Bofu. Wakati ule matrekta ya mashamba mengine yalitumia mafuta ya taa: unaliwasha kwa petroli, likipata moto unaligeuza kwenye mafuta ya taa, na mwisho wa siku dereva anarudi nyumbani ananuka kama kandili. Mwenye shamba letu, Mzungu aliyependa vitu vipya kuliko watu, aliagiza kutoka Marekani matrekta mawili yanayokwenda kwa gesi. Yakaja na tangi kubwa la chuma la kuwekea gesi hiyo, likasimamishwa uwanjani kwenye miguu ya saruji. Mimi nilikuwa mkata mkonge wa miaka ishirini na minne, mwenye mke na mimba ya kwanza, na kwa kuwa nilijua kusoma tarakimu nikachaguliwa kuwa mjazaji.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Kombo, Mdigo wa Bofu, mtu wa makamo aliyewahi kufanya kazi katika vyumba vya injini vya meli. Alikuwa mwembamba, mpole, na mzito wa kujibu. Ukimuuliza jambo asubuhi unaweza kupata jibu baada ya adhuhuri, lakini ukilipata halihitaji kurudiwa. Msikitini alikuwa na mahali pake safu ya kwanza, upande wa kulia, na hakuna aliyekaa pale hata akichelewa. Kiunoni alichomeka spana ya shaba, maana shaba ikigonga chuma haitoi cheche.

Siku ya kwanza hakunionyesha kitu chochote. Alifungua koki kidogo, gesi ikatoka kwa mlio mwembamba, akaniuliza, "Wasikia harufu?"

"Hapana, Fundi."

"Haya, lala kifudifudi."

Nilitazama huku na huku, nikaona wakata mkonge wenzangu wananicheka. Nikalala. Pale chini, pua ikiwa karibu na mchanga, harufu ya yai viza ilinijaa hadi machozi yakanitoka.

"Hiyo ndiyo gesi," akasema. "Si moshi huu, mwanangu, haupandi. Yatambaa. Wewe umesimama wajiona u salama, nayo iko miguuni pako yatafuta moto. Inuka sasa, ujipanguse."

Ninyi mlifundishwa jambo hilo kwa picha ukutani. Sijui kama limewaingia. Mimi liliniingia puani.

Kujaza kwenyewe si kazi ngumu, ugumu wake ni kuifanya vile vile kila siku. Trekta linazimwa na kuachwa lipoe. Unapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya mpira, na pakitoa mapovu pana tundu, hujazi. Unafunga mpira wa gesi, unafungua koki taratibu, halafu unafungua kitundu kidogo kilicho ubavuni mwa tangi la trekta, ambacho Fundi alikiita pumzi. Mwanzo pumzi inatoa hewa tu. Ikianza kutema ukungu mweupe wenye matone, tangi limefika sehemu nane kwa kumi, na hapo unafunga kila kitu hata kama umebakiza tone moja kwenye mpira. Zile sehemu mbili za juu haziguswi. Gesi ikipata joto hutanuka, na isipopata nafasi ndani itaitafuta nje.

"Hizo mbili za nani, Fundi?" nilimuuliza siku moja.

Alifikiri sana. "Za jua," akasema.

Alijua pia kuijaza kwa urahisi bila kupoteza. Wengine walipiga bomba la mkono mpaka mabega yakauma, na gesi nyingi ikapotea kwa pumzi kuachwa wazi. Fundi alichovya magunia ndani ya maji, akayafunika juu ya tangi la trekta. Tangi likipoa, lile kubwa lililopigwa na jua linaisukuma gesi yenyewe, na kazi yako inabaki kusimama ukisikiliza. Ujanja ule ulipunguza gesi iliyokuwa ikipotea na ulipunguza jasho. Ninautaja kwa sababu ni mzuri, na kwa sababu mimi niliutumia vibaya.

Msimamizi wa shamba tulimwita Bwana Dakika. Alikuwa na saa ya mnyororo mfukoni, akiitoa kila anapokuona umesimama, hata kama umesimama kwa kuwa gesi inaingia. Shida yetu naye ilikuwa Ijumaa. Matrekta yalijazwa alfajiri, kisha tena adhuhuri kwa ajili ya kazi ya jioni. Sala ya Ijumaa na kujaza adhuhuri vyote kwa pamoja vilikula muda asiotaka kuutoa, kwa hiyo wajazaji na madereva tulikuwa hatuendi msikitini. Fundi Kombo alikuwa anakwenda, kwa sababu kazi yake hasa ilikuwa mashine ya kukamua mkonge, na mashine ile ilizimwa adhuhuri.

Nilikuwa kijana na nilitaka kuonekana. Nikawaongoza wenzangu watano hadi ofisini kwa Bwana Dakika, nikaomba ruhusa ya sala. Alitutazama, akatazama saa, akasema tunaweza kwenda, kwa sharti moja. Tujaze matrekta kabla ya kwenda, na tuyajaze kabisa, yafike jioni bila kurudi uwanjani. Nikamwambia tangi linakwenda nane tu.

"Tangi linakwenda hadi linapoishia," akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Mnataka kusali au hamtaki?"

Nikasema tunataka. Kulizidishia trekta ni rahisi: unafunga pumzi, unaacha magunia ya maji juu, unaendelea mpaka mpira unyamaze. Wenzangu walinibeba mabegani kutoka ofisini. Wazee wa Bofu walinishika mkono msikitini wakaniombea dua. Sijapata kujivuna namna ile tena maishani, na ninachukia kukumbuka. Fundi Kombo hatukumuuliza. Yeye aliona tu kwamba tumeanza kufika msikitini, akafurahi, akadhani tunajaza tukirudi.

Ijumaa tatu zilipita salama, maana zilikuwa za mvua na mawingu. Ya nne ilipambazuka bila wingu hata moja.

Siku hiyo Fundi alipita uwanjani akiwa ameshatawadha, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, amekuja kuchukua kofia aliyoisahau. Trekta moja lilikuwa mkongeni limeharibika. Jingine lilikuwa pale wazi juani, nimeshaondoa magunia. Akapita karibu nalo akaweka kiganja juu ya tangi, upande wa juu kabisa, mahali ambapo pangekuwa na joto kama ndani pana nafasi. Palikuwa baridi. Akauondoa mkono taratibu.

"Umejaza ngapi?"

"Kama tulivyokubaliana na Bwana Dakika, Fundi."

"Nimekuuliza ngapi."

"Limejaa."

Wenzangu walikuwa wameshaanza kutembea. "Nyinyi mmekubaliana na Bwana Dakika," akasema. "Na jua mmekubaliana nalo saa ngapi?"

Nikamwambia nitapunguza tukirudi. Akaniambia kuipunguza sasa ni kuimwaga gesi uwanjani, na kule mlangoni Bakari muuza kahawa alikuwa ameshatega jiko lake. Bakari alikuja kila Ijumaa, akaacha dele la kahawa juu ya makaa akaenda kusali, ili watu wakirudi wamkute tayari. Bakari mwenyewe alikuwa ameshaondoka na wa kwanza.

"Nenda kasali," Fundi akaniambia. "Nendeni nyote. Mimi n'takaa hapa nilimwagie maji lisipate moto."

"Fundi, ni Ijumaa."

"Najua ni Ijumaa. Nenda."

Nikaenda. Hili ndilo ninalotaka mlishike, kwa sababu jingine lolote naweza kulitafutia udhuru. Kosa lilikuwa langu, na ndoo zilikuwa mbili. Ningeweza kubaki nikashika moja. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya, na wazee walikuwa wananingoja, basi nikaenda.

Yaliyotokea aliniambia baadaye, nami naamini kila neno. Alimwaga maji mpaka pipa likakauka, na jiko la watu hakuligusa, akiamini maji yatatosha. Akaenda kisimani, nyuma ya ghala. Aliporudi na ndoo, koki ya usalama, ile inayojifungua tangi likizidiwa, ilikuwa imeshafunguka yenyewe na gesi inafoka kwa mlio. Akaona mchanga unatikisika kwa ukungu ule wa chini, unaelekea mlangoni kwenye jiko. Angeweza kukimbilia mkongeni, njia ilikuwa wazi. Lakini kwa kutazama kivuli alijua kwamba sala inakaribia kwisha, na sisi tungepita mlango ule ule, kama watu thelathini, tukija kunywa kahawa. Akachukua gunia bichi akakimbilia jiko. Alilifunika. Alichelewa kidogo tu.

Tuliuona moshi kutoka mlango wa msikiti. Tulipofika, koki ilikuwa bado inatoa ulimi wa moto, magurudumu yanaungua, na Fundi Kombo amekaa chini mbali kidogo, mikono ameinyoosha mbele kama anayeomba dua. Kanzu ilikuwa imemgandia kifuani. Hakulia. Aliniambia, "Usiwaache wakakaribia. Liacheni liungue liishe." Hata hapo alikuwa anafundisha.

Siku ya tatu akaja afisa wa serikali kuchunguza, pamoja na karani wa kumtafsiria. Waliniita ofisini. Bwana Dakika alikaa pembeni akitazama nje ya dirisha, na saa yake, kwa mara ya kwanza, imo mfukoni.

"Tangi lilijazwa kiasi gani?" karani akaniuliza.

Niliogopa. Sina neno bora zaidi la kusema. Niliona jela, nikamwona mke wangu na tumbo lake, nikaiona na ile ruhusa ya Ijumaa ikifutwa, na wazee walionishika mkono wakiniuliza nimewafanyia nini.

"Nane," nikasema.

"Nane kwa kumi?"

"Nane kwa kumi."

"Kombo alikuwa anapika kahawa?"

"Sikuwapo, bwana." Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomwangamiza.

Nikatia sahihi, na niliiandika vizuri, kwa sababu nilikuwa naionea fahari sahihi yangu. Ripoti ikasema mjazaji alifuata kanuni, na kwamba fundi aliyebaki peke yake uwanjani, wakati wenzake wako ibadani, aliwasha moto wa kahawa karibu na trekta. Fundi Kombo aliachishwa kazi akiwa kitandani. Bakari angeweza kusema jiko ni la nani, lakini alihamia Kisauni wiki ile ile, na kahawa yake sikuinywa tena. Mtaani Bofu hawakuhitaji ripoti. Walishajua kwamba mtu wa safu ya kwanza ameacha Ijumaa kwa ajili ya kahawa, na wakaona wenyewe alivyolipwa.

Nilikwenda hospitali. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji hadi viwiko.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wamekuuliza?"

"Wameniuliza."

"Umewaambia ngapi?"

"Nane."

Aliitazama mikono yake. Kwa kawaida ningengoja jibu mpaka alasiri, lakini siku hiyo lilikuja upesi.

"Nane," akasema. "Basi nilikufundisha vizuri."

Vidole vyake vilipona vikiwa vimeshikana. Spana ya shaba hakuweza kuikamata tena, na Bwana Dakika akanikabidhi mimi. Niliipokea. Ile ruhusa ya Ijumaa nayo ikaendelea, na sasa tulijaza tukirudi, nane, na hakuna aliyetoa saa mfukoni. Kila tulichokiomba tulikipata, baada ya mtu mmoja kuungua.

Uhuru ulipokuja Bwana Dakika alifunga masanduku akaenda zake. Akaletwa msimamizi mpya, Mwafrika mwenzetu kutoka bara, kijana mwenye tai na maneno mazuri juu ya ujenzi wa taifa. Nikaona wakati umefika. Nilivaa shati safi nikaenda kumweleza yote, nikamwomba afungue upya shauri la Fundi Kombo, apate haki yake. Alinisikiliza kwa heshima kabisa. Kisha akafungua kabati, akatoa faili, akaligeuzia kwangu.

"Hapa pameandikwa nane," akasema. "Sahihi hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Sasa nikuamini wewe wa leo au wewe wa siku ile?" Akalifunga. Bendera ilikuwa mpya juu ya ofisi, na kabati lilikuwa lile lile.

Kutoka pale nilikwenda nyumbani kwa Fundi. Nilimkuta barazani, mkewe anamlisha uji. Nikamweleza nilikotoka. Akangoja mpaka bakuli likaisha.

"Ofisini sina haja napo," akasema. "Wale wa ofisi hawanijui. Kawaambie wa msikitini. Mimi nikipita, watoto waonyeshwa mikono yangu."

"Inshallah Ijumaa hii, Fundi."

Ijumaa ile nilikwenda. Nikasali, nikangoja imamu amalize dua, nikasimama. Wazee wakageuka kunitazama, wale wale walioniombea. Nikawapa mkono mmoja mmoja, nikawajulia hali, nikatoka. Fundi alikuwa barazani kwake, kwa maana tangu aungue alikuwa anasali nyumbani.

"Umesema?"

"Bado."

"Haya," akasema. Hakuniuliza tena, mwaka ule wala miaka yote iliyofuata hadi tulipomzika. Shamba lilikuwa limeshauzwa kitambo, nami nimeshakuja kwenu Changamwe na barua nzuri ya kunisifu.

Wiki mbili baada ya keki yenu nilivuka feri kwenda Bofu. Nilimwomba imamu ruhusa nikasimama baada ya sala, na safari hii nilisema. Nikasema jina, nikasema tangi, nikasema kumi. Walinisikiliza vizuri, siwezi kuwasingizia. Lakini nilipomaliza, niliona wananitazama kama mtu anayeeleza habari za nchi nyingine.

"Kombo yupi, mzee?" akauliza mmoja.

"Kombo fundi, wa shamba la mkonge."

"Ah!" Mwalimu wa chuo cha Kurani, kijana mwenye uso mwema, akakumbuka. "Yule aliyeungua kwa kuacha Ijumaa. Sisi tulisomeshwa kisa chake tulipokuwa watoto. Na mie nawasomesha hawa."

Nikarudia tena kwamba hakuiacha, alibaki kwa ajili yetu, na aliyestahili kuungua ni mimi. Wakaitikia, "Allah amrehemu," wakaanza kukunja mikeka. Yule mwalimu akanishika kiwiko kunisindikiza mlangoni, akanitafutia viatu vyangu.

"Wallahi umefanya vyema kuutua mzigo, mzee," akaniambia kwa sauti ya chini. "Lakini kisa tutakiacha vile vile. Mtoto ukimwambia yuko mtu alikosa sala akawa na haki, kesho hutampata safuni."

Nikavaa viatu, nikatoka. Yeye naye alinakili alichokikuta.

Basi mmebaki ninyi. Spana ya shaba iko katika kabati la zana, rafu ya chini, imefungwa kitambaa. Haikuwa yangu. Na faili langu liko kwa meneja, ndani yake mna ile barua ya shamba isemayo sikuwahi kuzidisha nane. Mwombeni ufunguo, muandike chini yake kwa kalamu ya wino: Ijumaa ile alijaza kumi, na aliyeungua ni Kombo.